Zipu ya Wakio

Jumatatu, 6 Januari

Kola thelathini leo. Zimebaki ishirini na mbili. Shule zinafunguliwa mwezi wa pili, na Kampala nzima imekumbuka wiki hii kwamba watoto hukua.

Zote za shule ile ya juu mlimani, yenye geti jeupe. Gauni la miraba ya kijani, kola nyeupe, zipu mgongoni. Mwaka wa tatu huu nawashonea. Nakijua kifua cha mtoto wao wa miaka minne kwa inchi. Sasa nataka wangu awe ndani ya gauni mojawapo.

Wakio yuko chini ya meza na sumaku yake, anaokota pini. Anaongea. Na pini, na cherehani, na mguu wangu. Ameuliza kwa nini zipu ina meno na haiumi mtu. Hadija wa cherehani ya pili anasema mtoto huyu alimeza redio. Hadija ni Mnubi, kwao Bombo, hana breki mdomoni, lakini hapa Nateete ndiye mtu wangu.

Hawezi kukaa chini ya meza mwaka mwingine. Mwezi wa kumi na moja nilimkuta na pini mdomoni. Bado naota.

Intavyu ni Jumamosi. Gauni lake nimeshalikata, kwenye mabaki. Hadija ameniona akacheka: usikate kanzu mwana hajazaliwa. Nikamwambia mwana alizaliwa zamani, yuko chini ya meza, msikilize.

Jumamosi, 11 Januari

Kabla sijasahau. Binti wa Mama Sanyu: kifua 24, kiuno 23, urefu 27, mkono mfupi. Anataka Ijumaa ya tarehe ishirini na nne.

Intavyu. Hawakumchukua.

Mwenye shule mwenyewe alikuwepo, wanamwita Madamu. Akamuuliza Wakio jina kwa Kiingereza. Wakio akajibu kwa Kiswahili, jina lake, langu, la baba yake na lori la baba yake. Akaulizwa rangi. Akasema nyekundu, kijani, samawati, na hii ni ya kola za mama. Akahesabu moja mpaka thelathini bila kuruka. Nilikuwa natabasamu kwenye kiti mpaka nilipomwona mwalimu wa pembeni anaziba mdomo. Madamu akamwambia kwa Kiganda kwamba kwa Kiswahili hicho huyu katoka kambini kwa wanajeshi. Alidhani sielewi. Miaka tisa niko Kampala.

Kisha akanigeukia. "Mutoto iko na akiri. Rakini hapa sisi hapana sema hii rugha. Mulete tena tarehe ishirini na tano."

Nafasi moja imebaki. Moja.

Nimeona aibu. Nimeona aibu kwa lugha niliyonyonya kwa mama yangu, halafu nikaona aibu kwa kuona aibu. Tumeteremka mlima kwa miguu. Wakio hakunyamaza hata hatua moja. Kwa nini yule mwalimu alicheka, kwa nini hatukupewa daftari, kwa nini mama unakimbia. Watu wa kwenye maduka wanageuka. Pale kwenye kibanda cha chapati nikamgeukia nikamwambia anyamaze, Kiswahili chake kimetuharibia, asiseme neno tena mpaka mama amwambie. Akavuta zipu ya mdomo kwa vidole viwili, kutoka shavu mpaka shavu, kama anavyoniona kazini. Hata katika hasira zile nilikaribia kucheka.

Jioni nimetia mapindo manne. Mabaya. Nitayafumua kesho.

Jumapili, 12 Januari

Nimeweka sheria. Chumbani humu, wiki mbili, Kiingereza tu. Changu kiliishia kidato cha pili, lakini cha mtoto wa nasari kitatosha. Akisema Kiswahili, simjibu. Samaki mkunje angali mbichi.

Nimebandika karatasi ukutani: rangi, matunda, siku saba za wiki. Nikisema neno, anaonyesha kwa kidole. Hakosei. Kusema bado, lakini Kiswahili hajakigusa tangu jana. Nilidhani tutapigana. Amenielewa mara moja. Mtoto mwerevu.

Baba yake kapiga kutoka mpakani. Lori limekaa foleni siku mbili, anaelekea Juba. Nimemwambia intavyu imesogezwa. Sikumwambia kwa nini.

Jumanne, 14 Januari

Hasemi.

Kiswahili hasemi, Kiingereza hasemi. Namwambia simama, anasimama. Namwambia lete nyekundu, analeta uzi mwekundu. Namwambia sema nyekundu, ananiangalia.

Kazini yuko chini ya meza na sumaku, kimya. Hadija kauliza redio imeisha betri? Nikamwambia tunajifunza Kiingereza. Akasema Kiingereza gani hicho kisicho na sauti. Nimemkasirikia. Sijui kwa nini, hakusema uongo.

Kola zimekwisha. Nimeanza kutia zipu. Kila nikivuta moja kujaribu, Wakio anainua macho.

Alhamisi, 16 Januari

Lazima niandike.

Nilikuwa napiga pasi marinda. Umeme ulikatika, nikachukua pasi ya mkaa. Kifuniko hakikukaza. Kaa moja likadondoka, likamwangukia Wakio juu ya mguu.

Hakulia.

Si kwamba hakusikia maumivu. Machozi yalimtoka, uso wote ulikunjamana, mwili ukawa unaruka. Mdomo ukataka kufunguka. Akauziba kwa mikono yote miwili. Mtoto wa miaka minne anaungua, na mikono yake haiendi mguuni, inaenda mdomoni.

Hadija ndiye aliyemwaga maji. Mimi nilisimama.

Kidonda ni kidogo. Kama kifungo cha shati. Kitapona. Hicho siyo ninachokiogopa.

Ijumaa, 17 Januari

Kliniki. Nesi amemtazama koo, masikio, ulimi. Ameangusha bakuli la bati nyuma yake, Wakio akaruka. Anasikia. Kila kitu kizima.

Akauliza ilianza lini. Nikasema wiki hii, sijui siku. Akauliza kama kuna kitu kilimtisha. Nikasema hapana. Akauliza anaishi na nani, nani humchapa. Nikasema simchapi. Akaitazama mikono yangu, kisha mguu wa Wakio wenye bandeji, kisha mikono yangu tena. Ningekuwa mimi ningetazama hivyo hivyo.

Kasema mtoto akiulizwa kitu anamwangalia mama kwanza. Kaliandika hilo kwenye kitabu chake. Mimi naliandika kwenye changu. Sijui maana yake.

Sheria ya Kiingereza nimeifuta leo. Nimeng'oa karatasi ukutani. Njiani nilimsemesha Kiswahili mpaka koo likauma. Habari za bibi yake Wundanyi, za ng'ombe wa bibi anayekula nguo kwenye kamba. Hapo zamani angeuliza ng'ombe alikula nguo ya nani. Hapo zamani ni wiki iliyopita.

Jumapili, 19 Januari

Kanisani Wakenya wenzangu wamemwombea. Wamama sita wameweka mikono kichwani pake. Mmoja anakemea pepo bubu, anapaza sauti, mate yanaruka. Wakio kafumba macho, midomo kaibana mpaka imekuwa myeupe. Nikamtoa katikati. Wamenuna. Wanune.

Mchana simu ya baba yake. Yuko Juba, kashusha mzigo. Anasema mpe mtoto. Nikamwekea sikioni. Nasikia sauti yake kule ndani, Wakio, Wakio mama, umelala? Wakio anahema tu kwenye simu. Anatabasamu, anashika simu kwa mikono miwili, anahema.

Nikaichukua nikamweleza. Siku ya nane hii.  Kisha akauliza, "Umemfanya nini mtoto wangu?"

  Nimemfundisha rangi. Nimemfundisha matunda. Simu imekatwa na bado naiambia simu kwamba sijamgusa.

Jumatano, 22 Januari

Magauni kumi na nane ya kwanza yamekwenda shuleni. Mlinzi kayapokea getini. Nilitaka kumuuliza kama nafasi bado ipo. Nikaona haya.

Hadija amekaa naye leo nikizunguka kutafuta uzi wa kijani. Niliporudi nikawakuta wanakula kisra, mkate wa kwao Hadija, mchuzi mpaka viwikoni, Wakio anatikisika kwa kicheko. Kicheko bila sauti. Mabega tu.

Hadija kasema watoto sita kawazaa, bubu anamjua, mgonjwa anamjua. Hajacheka alipokuwa akisema, na Hadija asipocheka mimi huogopa. "Huyu hapana bubu, Mama Wakio. Iko nangoja."

Anangoja nini? Akainua mabega. Nijiulize mimi mama yake, kasema, yeye ni jirani wa cherehani tu.

Kisha akanisema kuhusu Kiswahili. Kwamba babu yake aliletwa nchi hii na bunduki na Kiswahili, bunduki walimnyang'anya, Kiswahili kikabaki, ndicho alichowalishia watoto. Kwamba mimi naogopa Madamu wa gauni ambaye hawezi kutia uzi kwenye sindano. Nimemwambia binti yake mdogo alianza shule bila intavyu, yeye hajui. Akasema ndiyo, kwa sababu shule ya nyuma ya msikiti haiulizi mtoto anachojua, inamfundisha. Ya mabati, nikasema. Akasema ya mabati.

Nikakanyaga cherehani.

Jumamosi, 25 Januari

Nimempeleka. Sijui nilitegemea nini. Muujiza wa saa nne asubuhi.

Alivaa gauni nililomshonea. Lilimkaa. Katika yote niliyoshona mwezi huu hakuna lililokaa kama lile.

Madamu akamwuliza jina. Wakio akaniangalia. Akamwuliza rangi. Akaniangalia. Kila swali ananigeukia, macho makavu kabisa, ananisubiri mimi. Nikamwitikia kwa kichwa, nikamwambia haya, mjibu mwalimu. Akachukua vibao akavipanga kwa rangi. Akachukua chaki akaandika moja mpaka kumi, saba kaigeuza. Kila alichoulizwa alikijibu kwa mikono. Ningekuwa na shule ningemchukua nimlipe yeye.

Madamu akaweka kalamu chini. "Mama, mbona hukusema ni bubu? Shure yao iko, si hii."

Hapo nikachemka. Nilisema kila kitu, kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni, mlango wazi. Kwamba mwanangu siyo bubu. Kwamba hapa hapa walimcheka alipoongea. Kwamba sare za shule yake nzima zimetoka kwenye miguu yangu miwili. Wazazi kwenye benchi wote waligeuka. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kutoka ofisini mpaka getini.

Getini nikamtazama Wakio. Kajikunyata, ameziba mdomo wake kwa mikono, kwa nguvu, kana kwamba makelele yale yametoka kwake.

Tumeteremka mlima. Sikumshika mkono. Nilikuwa naogopa mkono wangu.

Jumapili, 26 Januari

Nimempigia baba yake nikamwambia ukweli wote wa jana. Kasema basi. Ijumaa anapita Kampala akirudi Mombasa. Atamchukua Wakio, atamshusha Voi, bibi atamsubiri hapo, wapande naye Wundanyi. Akae kwa bibi hata mwaka. Kule hakuna anayemuuliza mtoto rangi, kasema.

Sikubisha. Niliyekuwa nabisha kila kitu.

Nina siku tano na mtoto wangu.

Sikwenda kanisani. Sijui niombe nini. Nimejaribu kuomba neno moja tu, lolote, hata tusi.

Jumatano, 29 Januari

Naandika haraka. Nataka niandike sawasawa jinsi ilivyokuwa.

Saa sita mchana. Begi la Wakio limeshafungwa, liko kazini nami kwa sababu chumbani sikuweza kulitazama. Mama Sanyu akaingia na gauni la binti yake. Linambana. Anasema nimemkata mtoto pumzi, anasema mafundi Wakenya ni wale wale. Nikamwambia vipimo haviongopi, nikatoa daftari hili. Ni la vipimo, na mimi huandika yangu humu humu, siku kwa siku, sina daftari jingine. Nikafunua nyuma mpaka tarehe kumi na moja. Kifua 24. Gauni nimeshona 22. Kosa langu.

Nikaendelea kusoma. Sikutaka, macho yalishuka yenyewe.

Asiseme neno tena mpaka mama amwambie.

Nimelisoma mara tatu. Mwandiko wangu. Nikasoma na mstari unaofuata, wa zipu, ule nilioandika kwamba nilikaribia kucheka.

Siku kumi na nane. Nimemwambia sema nyekundu. Nimemwambia mjibu mwalimu. Nimemwambia kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, nimemwambia tafadhali. Lakini kufungua sikufungua. Tunawaambia watoto asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wangu alisikia. Kaa la moto lilimwangukia na bado alisikia.

Mama Sanyu anaongea, sijui alisema nini. Nikaingia chini ya meza. Mimi, mtu mzima na magoti yangu. Wakio alikuwa na sumaku. Nikamwambia mwanangu, mama alikosea. Mama alikwambia unyamaze mpaka akwambie, halafu mama akasahau. Leo mama anakwambia. Nikashika pembe ya mdomo wake kwa vidole viwili, nikafungua zipu polepole, kutoka shavu mpaka shavu.

Alikaa ananiangalia. Nilidhani nimechelewa.

"Mama," akasema. Sauti imekwaruza, sikuijua. "Mkaa uliniunguza."

Nikasema najua. Akasema uliniunguza hapa, akanionyesha, kama vile sikuwa nimekifunga kidonda hicho mwenyewe kila asubuhi. Nikasema pole. Siku kumi na tatu alikuwa anangoja kuniambia.

Halafu ikamwagika. Baba alisema kwenye simu ataniletea sanduku. Wamama wa kanisani walinitemea mate. Kuna pini moja nyeusi haishikiki na sumaku. Saba niliigeuza, niliona, sikuweza kumwambia mwalimu. Ng'ombe wa bibi alikula nguo ya nani?

Nimelia chini ya meza mpaka Hadija akachungulia. Aliposikia sauti aliketi chini pale pale kwenye vumbi, na Mama Sanyu akaondoka bila gauni lake. Nitalifumua. Nitamshonea jingine. Nitamshonea mawili.

Ijumaa, 31 Januari

Asubuhi ya pili sasa Wakio anaamka kimya. Anasimama mbele yangu, ananyoosha shingo, anangoja. Nafungua zipu kwa vidole viwili. Ndipo anasema shikamoo mama.

Naifungua. Nifanyeje. Moyo unanikatika na naifungua.

Baba yake kafika saa tano, kaliacha lori barabara kuu, kaja kwa boda. Wakio kamwimbia kuanzia mlangoni. Alimwinua, akamsikiliza, akamgeuza huku na huku kama anatafuta palipopasuka. Nikamwambia yote. Nikamsomea humu, tarehe kumi na moja, kwa sauti, nisije nikajipunguzia. Akaushika mguu wa Wakio, akakitazama kidonda. Ningependa angefoka.

Kisha akamwambia Wakio siku nyingine ukiungua, piga kelele. Wakio kauliza hata shuleni? Kasema hata kanisani.

Kanywa chai ya pili. Kalitazama begi lililofungwa, kalitazama muda mrefu. Halafu akalifungua mwenyewe akatoa nguo, akazirudisha kwenye kamba, moja moja, vibaya, kama wanaume wanavyoanika. Aliondoka hajaniaga vizuri. Ana haki. Lakini mtoto kamwacha.

Nimekwenda kule nyuma ya msikiti. Mabati kweli. Mwalimu kijana, ana chaki mpaka kwenye nyusi, anawasemesha watoto Kiganda, Kiswahili, Kiingereza, yoyote itakayomfikia aliye mbele yake. Hakuna intavyu. Nilete mafagio mawili, karatasi za chooni na kikombe chenye jina. Sare ni ya buluu.

Gauni la miraba ya kijani nimelikata. Mkasi haukusita. Limetoa mfuko wa kikombe na kitambaa cha kufutia cherehani mafuta.

Jumatatu, 3 Februari

Amekwenda.

Asubuhi nilimfungua zipu nikamvalisha ya buluu. Nimeitia vifungo mbele. Mafagio alibeba mwenyewe, marefu kumpita.

Mwalimu kamuuliza jina. Wakio akageuka kunitafuta. Nilikuwa nimesimama nje, mkono kwenye bati. Nikainua vidole viwili, nikavuta hewani. Akamgeukia mwalimu akasema Wakio, na jina langu, na la baba, na la lori. Mwalimu akamuuliza lori hilo lina magurudumu mangapi. Nikaondoka hapo hapo, kabla sijaharibu.

Kazini sikushona cha maana. Hadija kanihurumia, hajanitania mpaka saa nane.

Tumerudi kwa miguu, tumepita pale kwenye chapati. Wakio akasimama. Pale pale. Akauliza kama kesho pia ataongea. Nikasema kesho pia. Akauliza Jumatano. Nikapiga magoti, watu wanapita, nikasema Jumatano pia. Alhamisi. Ijumaa. Siku zote saba alizozisoma kwenye karatasi yangu ya ukutani aliziomba moja moja, nami nikampa moja moja, mpaka Jumapili. Akafikiri.

"Na ukikasirika?"

Nikasema hata nikikasirika. Nikasema siku hiyo zaidi.

Akaitikia kwa kichwa kama mteja aliyeridhika na pindo. Tukanunua chapati, akala nusu.

Sasa yuko chini ya meza na sumaku, bado na sare. Anazisimulia pini habari za shule. Nimesimamisha cherehani.